Mtoto na maneno ya kila siku: maswali ya wazazi wa Lindi na Mtwara kuhusu kusoma na kuandika

Nafundisha madarasa ya mwanzo katika Halmashauri ya Mtama, mkoani Lindi. Maswali haya huulizwa na wazazi na walezi kwenye vikao vya shule, mengine gengeni au njiani, na siku hizi mengi huja kwa simu matokeo ya muhula yakishatoka. Anza na lile linalokuhusu. Si lazima uyasome kwa mpangilio.

Mwalimu, nianze na a, b, ch, d au nianze na a, e, i, o, u?

Anza na irabu, maana hakuna neno la Kiswahili lisilo na irabu. Zikishamkaa vizuri, ongeza konsonanti moja moja, na kila unapoongeza moja tengeneza nayo maneno siku hiyo hiyo. Ukiwa na m tu, tayari una mama na mimi. Ongeza k, unapata kaka, kuku, kama, kumi. Ongeza b na t, unapata baba, bibi, bata, kiti, kitabu, moto. Mtoto aone mapema kwamba herufi zinamletea maneno anayoyajua. Akikalishwa wiki nzima na ba be bi bo bu bila neno hata moja, anachoka, na ana haki ya kuchoka.

Jambo moja nawasihi sana: mfundisheni sauti ya herufi kabla ya jina lake. Mtoto aliyezoea kuiita m "em" akikutana na m na a atasoma "ema", kisha anagombezwa ilhali amefanya vile vile alivyofundishwa. M ni midomo imefungwa na sauti inapita puani: mmm. Herufi ambazo haziwezi kuvutwa, kama b, k na t, zitamke kwa kifupi na uingie haraka kwenye irabu: ba, ka, ta. Wimbo wa alfabeti si mbaya, utamsaidia baadaye kutafuta neno kwenye kamusi, ila haumfundishi kusoma.

Nimetumiwa orodha ya maneno mia ya kukariri kwa macho. Nimfundishe?

Hapana, si kwa namna hiyo. Orodha za aina hiyo zimetoka kwa wanaofundisha Kiingereza, lugha ambayo maneno yake mengi ya kawaida hayasomwi kama yalivyoandikwa. Mtoto wa Kiingereza akikutana na neno kama said au one, sauti za herufi peke yake hazimfikishi, kwa hiyo ni lazima alikumbuke neno lenyewe. Kiswahili hakina shida hiyo. Herufi zetu zinashika sauti zake karibu kila mahali, na mtoto aliyejua kuunganisha silabi anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona maishani mwake. Katika lugha zinazoandikwa zinavyotamkwa, kama Kifini na Kiitalia, watoto wengi husoma maneno kwa usahihi ndani ya mwaka wa kwanza wa shule, na Kiswahili kimo katika kundi hilo.

Kuna sababu nyingine, na kwangu mimi hii ndiyo kubwa. Maneno yetu hubadilika mwanzoni na mwishoni. Chukua soma. Kwenye kitabu mtoto atakutana na anasoma, walisoma, tutasoma, sijasoma, hatukusoma, someni, wamesomeshwa. Huwezi kumkaririsha yote hayo kama picha. Anachohitaji ni kuzitambua sehemu zake. Kata boksi la sabuni vipande vidogo. Kwenye kimoja andika soma. Kwenye vingine andika nina, una, ana, tuna, mna, wana. Weka kipande cha soma kwenye mkeka, kisha umwache yeye asogeze vile vingine mbele yake na kusoma kila mara: ninasoma, unasoma, anasoma. Kesho badilisha soma uweke cheka, au lima. Dakika chache tu za mchezo huu, na mtoto amesoma maneno kumi na mawili kwa vipande vinane.

Hata hivyo yapo maneno madogo yanayojirudia karibu kila mstari, na hayo inafaa ayasome haraka bila kusimama: na, ya, wa, la, cha, za, kwa, ni, si, tu, pia, sana, leo, hapa, huyu, hii, yule, kama, kisha, lakini. Mpe matano kwa wiki. Ayasome kwanza kwa sauti zake, halafu ayakute ndani ya sentensi fupi nyingi. Wepesi huja kwa kulisoma neno mara nyingi.

Mwanangu anasoma kitabu chote bila kukosea, lakini nikimwonyesha neno moja katikati hajui. Imekuwaje?

Amekariri. Watoto wana kumbukumbu kali mno, na darasa lenye watoto wengi husoma kwa pamoja, kwa hiyo mtoto anaweza kufuata sauti za wenzake mwaka mzima bila mtu kugundua. Ukitaka kujua, angalia macho yake: anayesoma macho yake yapo kwenye maandishi, aliyekariri anatazama picha, au anakutazama wewe.

Usimwambie kwamba amedanganya. Hajadanganya, amefanya kile alichodhani ndiyo kusoma. Funika picha kwa kiganja. Mwombe aweke kidole chini ya kila neno analolitamka. Ukiona kidole kimefika mwisho wa mstari na mdomo bado unaendelea, umeshapata jibu lako. Kisha andika sentensi mpya kwa maneno yale yale ya kitabu. Kama kitabu kinasema "Juma ana kuku", wewe andika "Kuku ana Juma". Akicheka, amesoma. Akisema "Juma ana kuku", rudi naye kwenye silabi, taratibu, bila kumtia haya mbele ya ndugu zake.

Herufi zinazofuatana zinamshinda: ng', ny, mb, sh. Nifanyeje?

Zifundishe moja moja, na kwa maneno ya huku kwetu. Mwulize mtoto wa Lindi au Mtwara ataje chakula chenye sauti ya ng', atakutajia ming'oko kabla hujamaliza swali. Anza na hilo. Sema naye polepole: mi-ng'o-ko. Kisha mwambie aseme ngoma. Kwenye ngoma g inasikika ikitoka kooni, kwenye ming'oko g haipo, sauti yote inabaki puani. Akishaisikia tofauti hiyo kwa masikio yake, mwonyeshe kile kialama cha juu, ritifaa, na umwambie kazi yake: kinatuambia tusiitoe g. Baada ya hapo ng'ombe, ng'oa na ng'ara havitampa taabu, na hataandika "ngombe" kama tunavyoandika watu wazima wengi.

Kwa ny tumia nyanya, nyama, nyoka. Kwa sh una korosho na shamba. Kwa mb na nd una mbaazi, mbuzi, embe, ndizi, ndoo.

Halafu kuna m na n zinazosimama peke yake kama silabi kamili. Mpigishe makofi. Mtu ni makofi mawili: m-tu. Mti, mto, nchi, nne, vivyo hivyo. Mbuzi ni mbu-zi, lakini mbu, yule mdudu, ni m-bu. Watoto hufurahia sana kugundua hili. Watoto wengi wa kusini huandika "mutu" na "muti", na sababu yake ni nzuri tu: lugha zetu za nyumbani zina mu- pale Kiswahili kilipo na m peke yake. Mtoto wa Kiyao anamsikia bibi yake akisema mundu kila siku. Kwa hiyo usimwambie kuwa ni mjinga, mwambie Kiswahili kinaandika m. Ila mbele ya h, yapo maneno ambayo mu hubaki: muhogo, muhimu, muhindi. Na mbele ya irabu kama a, e na i huwa mw: mwalimu, mwezi, mwiko.

Anapoandika anaruka herufi. Nyumba anaandika "nyuba", saa anaandika "sa".

Haya ni makosa mawili yenye dawa tofauti.

Anayeandika "nyuba" hajaisikia m, kwa sababu ni fupi na imejificha mbele ya b. Mwambie aguse pua yake kwa ncha ya kidole huku akisema nyumba polepole. Ataihisi pua ikitetemeka kabla ya b. Aseme tena "nyuba", mtetemo ule haupo. Nimemwona mtoto akirudia kufanya hivyo peke yake kwenye dawati, kidole puani, anasema kwa kunong'ona kamba, kamba, kisha anachukua penseli na kuichomeka m mahali pake bila mtu kumwambia. Tumia njia hiyo hiyo kwa n: ndani, kanzu, panda, jongoo.

Anayeandika "sa" hajajua kwamba irabu mbili ni silabi mbili. Hapo makofi ndiyo dawa: sa-a, cho-o, m-gu-u. Mpe pia maneno yanayogeuka maana ukipunguza irabu. Kata na kataa. Kufa na kufaa. "Kitabu hiki kitamfaa mjomba", acha a moja uone anachosoma.

Kuna kundi la tatu, wale wanaoongeza irabu pasipo na irabu: "dafutari", "labuda", "Aluhamisi". Masikio yao yamezoea silabi inayoishia na irabu, ndiyo tabia ya lugha zetu. Maneno haya ni machache. Haya ndiyo yanayofaa kukaririwa: daftari, labda, Alhamisi, maktaba.

Imla nyumbani tufanyeje?

Maneno matano yanatosha. Unalisema neno, mtoto analirudia, analipigia makofi, anataja sauti zake moja moja, anaandika, kisha anasoma alichoandika kwa kidole. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo wengi wanaiacha, na ndiyo inayomfanya ajisahihishe mwenyewe. Neno likimshinda, liandike wewe vizuri, alitazame, alifunike, aliandike tena, afunue na kulinganisha. Sahihisha kwa kusifu kwanza silabi alizopata. Kwenye "nyuba" kuna herufi tano kati ya sita na zote zimekaa kwa mpangilio wake. Anayetiwa alama ya kosa neno zima hajui hata amekosea wapi.

Nyumbani tunazungumza Kimwera. Tuache ili asichanganyikiwe?

Msiache. Mtoto mwenye lugha pana, awe anaizungumza kwa Kimwera, Kimakonde, Kiyao au Kimakua, ana mengi ya kuleta darasani. Vitendawili na hadithi za jioni ndizo zinazomfundisha kusikiliza, kukumbuka mfuatano wa matukio na kubashiri kinachofuata, na hayo yote atayatumia kwenye kusoma. Anayejua kwamba mundu lina silabi mbili atajua pia kwamba kiti lina mbili.

Kinachohitajika ni kumwongezea maneno ya Kiswahili ili akisoma aelewe. Mtoto anaweza kutamka "ndege inatua" sawasawa na asijue kutua ni nini. Kila neno jipya la kitabu, mpe maana yake kwa lugha yenu, mwonyeshe kitu chenyewe kikiwepo, kisha mwombe atunge sentensi.

Kuhusu l na r: Kiyao, kwa mfano, hakina r ya asili, na wapo watoto wengi ambao masikio yao hayatenganishi lala na rara. Mpe jozi zenye maana tofauti, kama mahali na mahari, kula na kura, na mwache asikie na kuchagua picha kabla hujamdai atamke. Kuandika kwa usahihi huja polepole hapa, kwa kuliona neno mara nyingi kitabuni. Ni vivyo hivyo kwa dh, th na gh, sauti zilizokuja na maneno ya Kiarabu: dhahabu, thamani, ghali. Mtoto wa miaka 7 akiandika "zahabu", ameandika alivyosikia kwetu. Msahihishe bila kelele.

Jioni anakwenda chuoni kusoma Qurani. Herufi za Kiarabu hazitamchanganya?

Hazitamchanganya. Watoto wa pwani yetu, Kilwa, Lindi, Mikindani, wamesoma maandishi mawili kwa vizazi vingi. Tena chuoni anajifunza mambo yanayomsaidia shuleni: kukaa na kutulia, kufuata maandishi kwa kidole au kijiti, na kujua kwamba alama fulani ina sauti fulani na ikiongezwa alama nyingine sauti inabadilika. Kitu kimoja tu huonekana mwanzoni, nacho ni mtoto kuanza kuandika kutoka kulia. Mchoree nyota ndogo upande wa kushoto wa mstari na umwambie "hapa ndipo tunapoanzia". Baada ya muda mfupi haihitaji tena.

Ninachoomba ni kupanga muda. Mtoto anayetoka shule, akaenda chuo, akarudi magharibi na njaa, hana nguvu ya kusoma tena usiku. Mpe dakika kumi asubuhi kabla ya kutoka, au Jumamosi.

Hatuna kitabu hata kimoja nyumbani.

Maandishi yapo, tuyatafute. Kanga ya mama ina sentensi nzima, imeandikwa kwa herufi kubwa na wino mzito. Nyingine ni rahisi ajabu. SUBIRA YAVUTA HERI: su-bi-ra ya-vu-ta he-ri. Hakuna hata konsonanti mbili zilizofuatana. Mtoto wa darasa la kwanza aliyemaliza r na h anaisoma yote, na mara nyingi hajui kama mama yake amejifunga maandishi miaka yote hiyo. Isome naye, mweleze maana yake, kisha aiandike chini kwa herufi ndogo ili azijue zote mbili. Kila kanga mpya ikiingia nyumbani, awe wa kwanza kuisoma.

Kuna pakiti ya chumvi, boksi la sabuni, kibao cha duka la dawa, maandishi nyuma ya daladala na bodaboda. Kuna stakabadhi ya chama cha msingi yenye jina la baba.

Mwenye simu ya intaneti, Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ina maktaba mtandao ambako vitabu vya kiada vinasomwa bure. Walio karibu na Mtwara mjini wasiisahau Maktaba ya Mkoa. Na ombeni shule iruhusu vitabu vya hadithi virudi nyumbani Ijumaa hadi Jumatatu. Kitabu kilichofungiwa kabatini ili kisichafuke hakijamsaidia mtoto yeyote.

Mimi sikusoma. Nitamsaidiaje?

Dada zangu na bibi zangu, nyinyi ndio mnaoniuliza hili kwa sauti ya chini, na nyinyi ndio mnaolea watoto wengi zaidi huku kwetu. Mnaweza kusaidia sana. Makofi ya silabi hayahitaji kujua kusoma. Ukiwa unamenya muhogo, mwulize: "Muhogo una makofi mangapi? Unaanza na sauti gani? Taja kitu kingine kinachoanza na mu." Vitendawili havihitaji kusoma. Mwambie akusomee, weka sikio, umwulize: nani alifanya hivyo? Kwa nini? Kikafuata nini? Asipoweza kujibu, mwambie arudie. Huhitaji kuona kosa la herufi ili ujue kwamba habari haileti maana.

Na wapo bibi wenye miaka sabini na kitu ambao walisoma kisomo cha watu wazima baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wengine wanadhani wamesahau yote. Mpe bibi miwani na kitabu cha mjukuu wake, akae naye barazani, utaona.

Katika koo zetu mjomba naye ana sauti kubwa. Mjomba akija nyumbani akasema "Hebu nisomee", mtoto atajiandaa wiki nzima.

Msimu wa korosho tunahamia shambani na mtoto anasahau alichojifunza.

Hili linaniuma kila mwaka, kwa sababu mavuno yanashika kasi kuanzia Oktoba, wakati muhula wa mwisho unaelekea ukingoni na darasa la pili wana upimaji wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kama kuna mtu wa kubaki na mtoto karibu na shule, nawaomba abaki, na shambani aje mwisho wa juma. Siku tano za shule akizikosa mfululizo, sauti mbili au tatu mpya zimempita, na za mbele zinajengwa juu ya hizo.

Ikiwa hakuna namna, basi msimu wenyewe una maneno, kuanzia mepesi hadi magumu: bibo, kilo, mizani, gunia, kisha korosho yenye sh, mnada wenye m inayojitegemea, halafu mkorosho na mikorosho. Aandike kwa kijiti kwenye mchanga chini ya mti uliofagiliwa. Kwa kupanga herufi tumieni kokoto, mbaazi au vifuniko vya soda. Asichezee korosho mbichi iliyopasuka, mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi.

Likizo za Juni na Desemba, ambapo wengine huingia jandoni au unyagoni, zina shida ile ile. Akirudi, msianzie alipoachia. Mrudisheni nyuma kidogo, kwenye maneno anayoyaweza, kwa siku chache, kisha muendelee.

Asome muda gani kwa siku? Na akikataa?

Dakika kumi hadi kumi na tano, kila siku, kwa mtoto wa awali au darasa la kwanza. Saa nzima Jumapili haifidii siku sita zilizopita bure. Simamisha angali bado anapenda.

Akikataa, usimchape. Mtoto anayesoma huku akitazama fimbo anabahatisha, kwa sababu anatafuta jibu la haraka la kuepuka kipigo, na kubahatisha ndiyo tabia tunayohangaika kuing'oa. Angalia kama ana njaa, kama amechoka, au kama kitabu ni kigumu kwake. Katika maneno kumi, akishindwa zaidi ya mawili au matatu, kitabu hicho bado. Tafuta chepesi zaidi.

Anaandika b badala ya d. Ana tatizo?

Akiwa na miaka 5, 6 au 7, ni kawaida. Fundisha b mpaka ikae kabisa ndipo uje kwenye d. Zisiletwe siku moja.

Anayetumia mkono wa kushoto mwachieni auandikie. Adabu ya kula kwa mkono wa kulia ibaki pale pale, kuandika ni jambo lingine. Daftari alilaze kidogo, sehemu ya juu ikielekea kulia, ili aone anachoandika.

Niwe na wasiwasi lini?

Anza na macho na masikio. Anayekunja uso kutazama ubao, anayeshika kitabu karibu na pua, anayetaka urudie kila unachosema, au anayetokwa usaha masikioni, apelekwe kituo cha afya. Wakiona haja watamwandikia rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Sokoine kwa Lindi, Ligula kwa Mtwara. Kabla ya kupimwa, mwombe mwalimu amkalishe mbele.

Wapo pia watoto wenye akili timamu, wanaoona na kusikia vizuri, ambao kusoma kunawawia vigumu kwa asili yao. Katika lugha inayoandikwa inavyotamkwa kama yetu, mtoto wa namna hii mara nyingi husoma kwa usahihi ila polepole mno, silabi kwa silabi, hata akiwa darasa la tatu na la nne, na tahajia yake hubaki dhaifu. Kwa kuwa hakosei sana, hupita bila kuonekana, na huitwa mvivu. Si mvivu. Anahitaji muda zaidi na marudio mengi ya maneno yale yale, na asilazimishwe kusoma mbele ya darasa bila kujiandaa.

Anajifunza kuandika "xaxa" na "cjui" kwenye simu ya dada yake.

Kwa mtoto ambaye bado hajajua kuandika sasa na sijui, hiyo ni hasara. Mwache atume ujumbe, maana kuandika kwa ajili ya mtu halisi kunampa hamu, lakini atume maneno kamili. Amwandikie bibi yake aliyeko Ruangwa sentensi mbili. Bibi akijibu, amesoma pia.

Wapi aunganishe maneno na wapi atenganishe?

Watu wazima pia hukosea hapa. Kitenzi na viambishi vyake huandikwa pamoja: nimekula, anakuja, hawajafika. "Ana kuja" si sahihi. Lakini ana kitabu ni maneno mawili, kwa sababu kitabu ni jina. Kwa sababu, kwa hiyo, kwa kuwa, zote hutenganishwa. Mtoto aweke kidole kimoja kati ya neno na neno anapoandika, mpaka nafasi hiyo aizoee.

Nikikutana na mwalimu wake nimwulize nini?

Wazazi wengi huuliza "Anaendeleaje?" na mwalimu hujibu "Vizuri", mkaachana. Uliza hivi: wiki hii wapo kwenye sauti gani? Mwanangu anazijua silabi zipi na zipi bado? Naomba anisomee mistari mitatu hapa mbele yako. Mwalimu hatachukia, mimi hunifurahisha. Kisha nenda nyumbani na hizo sauti mbili au tatu zilizobaki, uzitafutie maneno jikoni na shambani kwenu.